Dagabodi imekwama? Fungua kizibo kabla ya kushika nyundo

Katamarani ya mashindano, yaani boti ya tanga yenye maganda mawili, ikipandishwa na trela kutoka Dar hadi Dodoma huja na ugonjwa ambao pwani huuoni: dagabodi zimeng'ang'ania. Nazungumzia zile mbao nyembamba, moja katika kila ganda, zinazoshushwa majini ili boti ikienda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, isisukumwe pembeni. Kila ubao hukaa ndani ya ala yake kama jambia. Katamarani aina ya Hobie 16 haina mbao hizi, mwenye nayo apumzike.

1. Fungua vizibo vya kutolea maji vya maganda yote mawili. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni mdogo kuliko wa pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Ukifunga kizibo Dar, umebeba hewa ya Dar. Ikifika huku inataka kutanuka, jua la mchana linaiongezea nguvu, nayo inasukuma kuta za ala mpaka zinaubana ubao. Niliwahi kuhangaika nusu siku na boti ya mteja, kijana wangu akalegeza kizibo: fyuu! Ubao ukashuka wenyewe. Nikajifanya ndivyo nilivyopanga.

2. Bado? Iweke kivulini ipoe.

3. Sasa shuku mchanga, hasa kama boti ilivutwa ufukweni kwenye bwawa la Mtera mbao zikiwa nusu chini. Laza boti ubavu, pitisha maji ya mpira kutoka juu ya ala. Kisha chukua mkanda wa plastiki wa kufungia maboksi, uupenyeze kati ya ubao na ala, usugue kama unayetoa nyama kwenye meno. Zunguka pande zote. Panga na msumeno weka mbali. Kulainisha, tumia maji ya sabuni. Grisi ikikutana na vumbi la Dodoma umejitengenezea msasa.

4. Mwenzako avute kamba ya kichwa cha ubao, wima. Wewe weka kipande cha mbao laini chini ya ncha, gonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Ukipanda sentimita moja, urudishe chini, mwaga maji, panda tena. Ukingo wa nyuma ni mwembamba, usiuguse.

5. Ukitoka, tafuta ufa. Ubao uliokunywa maji huvimba: uanike kivulini, uupime kwenye mizani kila siku, na uzito ukiacha kupungua ndipo uzibe kwa gundi ya epoksi. Piga msasa palipovimba tu.

Kwenye mashindano ni habari nyingine. Mara nyingi ubao haujakwama, maji ndiyo yanaubana ubavuni. Legeza demani (kamba ya tanga), elekeza omo (pua ya boti) kwenye upepo, vuta.

Safarini acha vizibo wazi. Ila vifunge kabla ya kuingia majini. Hilo nalo nimewahi kulisahau, Mtera, mbele za watu.