Somo: Kutoa potashi kwenye maganda ya ndizi

Mama lishe wa Moshi na Bukoba wanamwaga potashi jalalani kila siku. Ni kaboneti ya potasiamu, malighafi ya sabuni ya maji, vioo na mbolea. Biashara yake ni kongwe: hataza (haki ya mvumbuzi) ya kwanza ya Marekani, mwaka 1790, alipewa Samuel Hopkins kwa njia ya kuitengeneza kutokana na majivu.

1. Anika maganda mpaka yawe meusi na ukiyakunja yavunjike. Kilo 10 mbichi hutoa majivu ya gramu 100 hivi, kwa hiyo usiote utajiri kwa ndoo moja.

2. Choma kwenye debe la chuma lililotobolewa matundu. Usiwashie kwa plastiki. Hapa wengi wana haraka: majivu meusi bado ni mkaa, yatakupa maji ya rangi ya chai. Yageuze motoni mpaka yawe ya kijivu cheupe.

3. Yaloweke kwenye ndoo kwa maji ya mvua yenye moto, yafunikwe na kuzidi kidogo tu. Koroga, acha yalale, asubuhi chuja kwa kitambaa kizito cha pamba. Vaa miwani na glavu. Maji haya yanachoma ngozi na macho. Yakikurukia, osha kwa maji mengi hapo hapo.

4. Chemsha mpaka yakauke, kwenye sufuria ya stili au ya chuma. ALUMINI HAPANA, na sufuria zetu nyingi ndizo hizo! Utaona vipovu vinapanda kwenye kingo na sufuria inapiga weusi: inaliwa, na hewa inayotoka ni haidrojeni, inashika moto. Maji yakikaribia kwisha punguza moto, maana huanza kuruka.

5. Inabaki chumvi ya kijivu. Kwangua kidogo, idondoshee ndimu. Ikitoa povu, umeipata. Ifungie haraka kwenye chupa. Inavuta unyevu, na kwa hewa ya Dar ukiiacha wazi inageuka uji.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kwa nini nisinunue magadi tu?
— Marahaba. Kama unataka sabuni ya mche, nunua, hutajuta. Magadi, kama yale ya Ziwa Magadi kule Kenya, ni ya sodiamu. Potashi inatoa sabuni laini, na potasiamu ndiyo inayotakiwa na mmea.

Mkuu, nimechanganya na mawese, sabuni haijashika kabisa.
— Kaboneti peke yake ni dhaifu. Iyeyushe kwenye maji, tia chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji), uzito wa nusu ya potashi na kidogo zaidi, chemsha ukikoroga. Unga mweupe ukituama, chota maji ya juu: hiyo sasa ni haidroksaidi ya potasiamu, kali kuliko mwanzo. Watoto wakae mbali. Hata hivyo utapata sabuni laini. Ukitaka igande, itie chumvi ya mezani ikiwa motoni.

Maganda ya machungwa je?
— Yanafaa, ila majivu yake ni machache. Mimi sihangaiki nayo.

Mwalimu, majivu yenyewe naweza kuyamwaga shambani bila kuchuja?
— Unaweza, dada, kwenye udongo wenye asidi, kiganja kwa shina. Usiyachanganye na mbolea ya urea: utasikia harufu kali puani, hiyo ni naitrojeni yako inapaa.