Somo: Maziwa Yasirudishwe Langoni, Kuanzia Kiweleni Hadi Tangi la Kupoza

Nimepima maziwa miaka mingi kwenye vituo vya ushirika huku kwetu Nakuru, upande wa Njoro na Molo, na kuna neno moja ambalo mkulima hapendi kulisikia kutoka kwa mpimaji: kituo hakitengenezi maziwa mazuri. Mimi na chupa yangu ya spiriti tunachoweza kukwambia ni kama hasara ni yako peke yako au ni yetu sote. Maziwa yenyewe yaliharibika au yakasalimika saa kumi na moja alfajiri, wewe ukiwa umechutama kando ya ng'ombe.

Siku moja tangi letu la lita 3,000 lilirudi. Lori lilitoka mapema, kufika saa tano dereva akapiga simu: kiwanda kimekuta antibayotiki. Asubuhi hiyo maziwa yalikuwa hayana harufu, hayana rangi ngeni, laktomita (kifaa cha kuelea kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji) inasoma sawa, spiriti haijagandisha kitu. Kipimo cha dawa hatukuwa nacho. Kibaya zaidi, hatukuwa tumeweka sampuli ya mkulima hata mmoja. Watu mia moja na kitu walikuwa wamemimina, na pengine mmoja tu ndiye aliyetibu ng'ombe. Nani? Mpaka leo hatujui, kwa hiyo walikatwa malipo wote. Mama mmoja mwenye ng'ombe mmoja na lita zake sita alikuja na kijitabu chake, akaweka kidole kwenye ile tarehe, akaniuliza, "Mwanangu, mimi hapa nimekosa nini?" Nikatazama chini.

Somo hili limetokana na swali lake.

Hatua ya 1: Kilichomo ndani ya hori

Mahindi yakivunwa kwa mvua, yale yaliyoota ukungu tunayachambua, mazuri yanakwenda gunia, mabovu yanakwenda kwa ng'ombe. Hapo ndipo tunapojidanganya. Sumukuvu iliyo kwenye punje hizo ng'ombe anaibadilisha kwenye ini, kisha inatoka kwenye maziwa kwa sura nyingine inayoitwa aflatoksini M1. Haichukui hata siku mbili kutokea. Kuchemsha hakuiondoi. Kiwango cha juu kinachokubalika ni sehemu 0.5 kwa kila sehemu bilioni, kiasi ambacho pua wala ulimi hauwezi kukijua. Habari njema ni kwamba ukiacha kumlisha chakula kibovu, maziwa hujisafisha ndani ya siku chache. Sileji (majani yaliyofungiwa yakachachuka) yenye mabaka meusi au ya kijani nayo itupe, usiichanganye na nzuri ili "isiharibike bure."

Hatua ya 2: Kukamua

Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kitambaa. Kila ng'ombe na kitambaa chake. Kitambaa kimoja kwa zizi zima ni basi la kubeba ugonjwa. Michirizi miwili mitatu ya kwanza ikamulie kwenye kikombe cheusi, usikamulie chini. Ukiona vijidonge, majimaji au damu, huyo ana ugonjwa wa kiwele, mkamue mwisho na maziwa yake yasiingie kwenye mkebe. Nimeona wakamuaji wazoefu kabisa wakichovya vidole kwenye maziwa ili chuchu iteleze. Acheni hiyo. Tumia mafuta ya kukamulia, kidogo.

Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini na umwekee ng'ombe majani asimame kama nusu saa. Tundu la chuchu linabaki wazi kwa muda baada ya kukamua, na akilala mara moja kwenye samadi unajua kitakachoingia.

Hatua ya 3: Dawa

Ukimtibu ng'ombe, mfunge kamba nyekundu mguuni siku hiyo hiyo, maana anayekamua asubuhi huenda siye aliyekuwepo daktari alipokuja. Andika tarehe, jina la dawa, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko. Dawa nyingi za kupenyeza kwenye chuchu ni siku tatu au nne, lakini fuata kibandiko, usinifuate mimi. Hata kama umetibu chuchu moja, maziwa ya chuchu zote nne hayaendi kituoni, kwa kuwa dawa husafiri kwenye damu. Kuchemsha hakutoshi kuiondoa. Ng'ombe mmoja anatosha kuharibu tangi, na maziwa ya namna hiyo ukiyawekea kimea cha mala, yaani vijidudu vya kugandishia maziwa, hayagandi, kwa sababu dawa inaua kimea chenyewe.

Hatua ya 4: Chombo

Mkebe wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu, wenye mdomo mpana ambao mkono unaingia. Mtungi wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia hausafishiki: shingo nyembamba, mikwaruzo ndani, na kila mkwaruzo ni nyumba ya vijidudu. Suuza kwanza kwa maji baridi, kwa sababu ukianza na ya moto maziwa yanashika kwenye kuta. Kisha maji ya moto na sabuni, suuza, mimina maji yanayochemka, pindua juu ya kichanja juani. Usikaushe kwa kanga.

Na ndugu zangu wa Olenguruone na Kuresoi, mursik, maziwa yaliyochachushwa kwenye kibuyu chenye mkaa, ni tamu, mimi mwenyewe sikatai kibuyu. Lakini mkebe uliowahi kubeba mursik usiulete langoni. Nikifungua kifuniko ile harufu ya mkaa inanisalimu kabla yako.

Hatua ya 5: Safari

Maziwa yanatoka kiweleni na joto la mwili, nyuzi 38 na zaidi kidogo. Yana kinga yake ya asili inayozuia vijidudu kwa saa mbili tatu, basi. Lenga kufika kituoni ndani ya saa mbili. Mvua ikiharibu barabara, kubalianeni na mwenye bodaboda abadilishe saa, si maziwa yamngoje.

Hatua ya 6: Langoni

Pua kwanza. Mpimaji anafungua mkebe, ananusa mara moja, anatazama rangi na uchafu. Kisha spiriti: mililita mbili za maziwa na mbili za spiriti ya asilimia 68, tikisa. Yakifanya chembechembe ukutani mwa chupa, yanarudi. Kisha laktomita kwa wanaoshukiwa kutia maji: maziwa safi husoma kati ya 26 na 32 kwenye nyuzi 20. Laktomita si hakimu wa mwisho. Ukitoa malai namba inapanda, ukitia maji inashuka, na mjanja akifanya yote mawili inasoma vizuri kabisa.

Hatua ya 7: Sampuli na daftari

Hii ndiyo hatua tuliyokosa siku ile. Kila mwanachama ana chupa ndogo yenye namba yake. Mpimaji anakoroga mkebe, anachota kidogo, chupa inaingia kwenye friji, na haimwagwi mpaka kiwanda kithibitishe tangi limepita. Kila njia ya kukusanyia nayo ina chupa yake ya mchanganyiko.

Faida yake ni hii. Tuseme wanachama ni 120 kwenye njia nane, kila njia watu 15. Tangi likikutwa na dawa, unapima kwanza chupa nane za njia. Ukipata njia moja yenye kosa, unapima chupa 15 za watu wake. Vipimo 23 badala ya 120, na wale wengine 119 hawaguswi. Chupa hizo, stika za namba na kalamu isiyofutika ni bei ndogo kuliko tangi moja lililorudi. Andikeni pia joto la tangi asubuhi na jioni, lisizidi nyuzi 4. Daftari la joto linalojazwa mara moja kwa wiki kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, hilo ni hadithi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Bahati: Mwalimu, maziwa ya jioni tuyafanyeje? Kituo kinafungua asubuhi na friji sina.*

Weka mkebe kwenye karai kubwa la maji baridi, maji yafike juu ya kiwango cha maziwa, koroga kwa mwiko safi mara kwa mara saa ya kwanza, badilisha maji yakipata joto. Huku kwenye baridi yetu yanaweza kulala salama. Usiyachanganye na ya asubuhi. Yapimwe peke yake, ili yakirudishwa, ya asubuhi yapite.

*Mwanachama, Kondele, Kisumu: Mimi nanunua tu. Kuna mchuuzi ambaye maziwa yake mabichi yanakaa siku mbili bila friji na hayagandi. Si ndiyo mazuri?*

Dada, kwa joto la Kisumu maziwa mabichi ambayo hayajachemshwa yanapaswa kuchacha siku hiyo hiyo. Yakikaa siku mbili kuna kitu ndani: antibayotiki, au dawa za kuhifadhi ambazo wachuuzi wengine hutia, kama haidrojeni peroksaidi. Muulize kwanza kama ameyachemsha. Kama hajachemsha, badilisha mchuuzi.

*Mwanachama, Kakamega: Nimekamua saa kumi na mbili, nimefika saa moja, spiriti ikagandisha. Maziwa yalikuwa na saa moja tu!*

Pole sana, mzee. Spiriti haikamati uchachu peke yake. Inakamata pia dang'a (maziwa ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa), maziwa yenye ugonjwa wa kiwele, na wakati mwingine ng'ombe aliyekaribia kukauka au asiyekula vizuri. Kesho mpime kila ng'ombe peke yake, utamjua. Kama kuna aliyezaa chini ya siku tano, anza na huyo.

*Mwanachama, Njoro: Broka ananilipa zaidi na hapimi chochote. Kwa nini nijisumbue na ushirika?*

Siwezi kukwambia uongo kwamba ushirika unalipa zaidi kila mwezi. Msimu wa kiangazi broka anashinda. Mvua ikija na maziwa kuwa mengi, hapokei simu. Uza unapoona inakufaa, lakini ng'ombe wa kamba nyekundu asiuzwe kwa yeyote. Usione kutopimwa kwa broka kama mlango wa kupitishia ya dawa. Huko mwisho wa njia kuna mtoto anayekunywa.

*Mwanachama, Elburgon: Karani ameandika nimetia maji. Laktomita ilisoma 25.5. Naapa sijatia.*

Maziwa yalikuwa na joto gani? Hilo ndilo swali ambalo karani alipaswa kukuuliza. Maziwa ya moto ni mepesi, laktomita inazama zaidi. Kwa kila nyuzi iliyozidi 20, ongeza 0.2. Kama yalikuwa nyuzi 25, unaongeza 1, inakuwa 26.5, na umepita. Kesho yapoe kama nusu saa, koroga taratibu bila kutoa povu, nenda na kipimajoto chako, na umwombe karani asome namba zote mbili mbele yako na aziandike kwenye kijitabu. Kisha rudi hapa utuambie.