Kabla hujaposti nguo, soma kifuani, kisha mtazame aliyeivaa

Nauza nguo za watoto za mtumba Mwanjelwa, hapa Mbeya, na msimu wangu mkubwa ni wa baridi. Kuanzia Mei hadi Agosti kila mzazi anatafuta sweta. Nafungua belo alfajiri, wateja wa kamera ya kwanza, yaani wale wanaochagua kabla ya wengine, wanachukua yao, na mazuri yanayobaki nayapiga picha kwa ajili ya stetasi ya WhatsApp. Ndivyo nilivyompiga picha mtoto wa dada yangu, wa miaka mitano, akiwa ndani ya sweta la kijivu lenye kofia. Kifuani kulikuwa na tumbili anayecheka na maneno ya Kiingereza chini yake. Mtoto alipendeza. Nikaandika bei, shilingi 4,000, nikaendelea na kazi.

Jioni akapita mwalimu mmoja mstaafu kutoka Uyole, mteja wangu wa siku nyingi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, lile sweta ulilomvalisha mjukuu wetu, umelisoma?"

Nikamjibu sijalisoma, mwalimu. Akanitafsiria: "Tumbili wa familia." Akasema hakuja kunigombeza. Alikuja kwa sababu picha imeshafika kwenye kundi moja na watu wazima wanamcheka mtoto kwa rangi yake. Niliifuta pale pale, mikono ikitetemeka, lakini ilikuwa imeshasambaa. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu, nami nauandika kwa ajili ya kila anayeuza nguo kwa simu, awe Kabwe, Makambako au Mlandege kule Iringa.

Kwanza, soma nguo yote. Geuza mbele, nyuma, mikono, ndani ya kofia, hata mfukoni. Kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga kama changu, fungua programu ya kutafsiri kwenye simu, elekeza kamera kwenye maandishi, usubiri. Programu inatafsiri maneno lakini haikwambii kama ni tusi, kwa hiyo muulize na mtu. Mimi namtumia mwalimu picha ya nguo ikiwa imelala mezani, bila mtoto ndani yake. Na usiishie kwenye maneno. Mwaka 2019 Gucci waliondoa sokoni sweta jeusi lililovutwa mpaka juu ya pua, lenye tundu la mdomo lililozungushiwa midomo mikubwa myekundu. Halikuwa na neno hata moja. Lilifanana na zile nyuso za masizi ambazo Wazungu wa Marekani walijipaka jukwaani kuwaigiza watu weusi kwa dhihaka.

Hatua ya pili ndiyo kubwa zaidi. Mvue aliyevaa, kwa mawazo yako, umvalishe mwingine, halafu uone kama maana imebadilika. Nilijifunza hili kwenye habari ya H&M ya Januari 2018. Kampuni hiyo ya Sweden ilimwonyesha mtoto mweusi kwenye duka lake la mtandaoni akiwa na sweta la kijani lililoandikwa kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye tumbili mtanashati kuliko wote msituni. Katika nguo za aina hiyo hiyo kulikuwa na mtoto wa Kizungu mwenye sweta la rangi ya chungwa, na lake lilimwita bingwa wa kuishi msituni. Ziweke picha hizo mbili pamoja. Mmoja ni mnyama wa msituni, mwingine ndiye anayeujua msitu. Huenda hakuna aliyekaa akapanga hivyo, lakini picha ilipita mikononi mwa watu kadhaa na hakuna aliyejiuliza.

Mama wa mtoto yule, mwenye asili ya Kenya, alisema hadharani kwamba yeye hakuona ubaya. Namheshimu, ni mwanawe, na hata kwetu mtoto mtundu huitwa ngedere na mama yake mzazi bila mtu kukasirika. Ila tangazo si jina la nyumbani. Linatoka nje na kukutana na historia iliyoko huko. Mwaka 1906, Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaenda kumtazama. Mpaka leo mashabiki wa mpira Ulaya wanawarushia ndizi wachezaji weusi. Mtoto wa dada yangu hajui lolote kati ya hayo. Waliomcheka kwenye lile kundi wanayajua, au wanajua vya kutosha kucheka.

Sasa picha yenyewe, kwa sababu hapa makosa ni yetu wenyewe na hatusingiziwi na mtu. Kamera ya simu inapima mwanga wa picha nzima. Ukimsimamisha mtoto mweusi mbele ya ukuta mweupe, simu inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unabaki kivuli chenye macho mawili. Muuzaji anaona giza, anaweka filta ya kung'arisha, na mtoto wa Mbalizi anatoka na rangi ambayo mama yake haijui. Mimi nafanya hivi. Nyuma yake natundika kitenge cha rangi ya udongo au kijani iliyoiva. Namsimamisha barazani, kivulini, uso ukiangalia nje, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, ukungu wa mlima Loleza ukishanyanyuka. Nampaka mafuta ya mgando kidogo usoni na mikononi, maana baridi yetu inapausha ngozi, na ngozi nyeusi uzuri wake hauonekani mpaka irudishe mwanga. Kisha nagusa uso wake kwenye kioo cha simu, duara likitokea natelezesha kidole juu kidogo, mpaka nione mashavu na paji la uso vimetengana. Kama kwenye simu yako kuna kitu kinaitwa urembo, kizime kabisa.

Mtu asikwambie kwamba ngozi nyeusi haipendi kamera. Enzi za filamu, maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Mashine ilifundishwa uso mmoja, halafu sisi tukaambiwa tumetoka vibaya.

Angalia na maneno unayoweka chini ya picha. Nimesoma hapa mjini matangazo ya "rangi hii kwa weupe tu", "inakutakatisha", "mweusi usijaribu njano". Msichana wa miaka 14 anayasoma kila siku, halafu tunashangaa anatafuta mkorogo. Andika ukubwa, kitambaa, bei na kama kuna doa. Ukitaja rangi, itaje ya nguo. Ukiwa na watoto kadhaa wa kupiga picha, wa maji ya kunde, mweusi tii, mwenye ualbino, wote wakae mbele kwa zamu. Mwenye ualbino mtafutie kivuli na kofia, jua la huku juu milimani ni kali hata kukiwa na baridi. Na midoli ya dukani ya kuvalishia nguo, ile ya pinki yenye nywele za dhahabu, mimi yangu nimeipeleka kwa fundi rangi akaipaka kahawia.

Ukikosea, ondoa picha na nguo kwa pamoja. H&M waliondoa picha kwanza, nguo ikafuata baadaye, na katikati hapo hasira ikapanda. Mwanamuziki The Weeknd alitangaza kuacha kufanya nao kazi. Kisha omba radhi kwa kutaja ulichofanya. Mimi niliandika: "Nilimvalisha mtoto nguo inayomwita tumbili nikaitangaza bila kuisoma. Nimeiondoa. Nawaomba radhi yeye, wazazi wake na ninyi nyote." Usiandike "kama kuna aliyekwazika". Hapo unamrudishia kosa aliyeumia.

Na siku ukiwa wewe ndiye uliyeumizwa na tangazo la mwingine, piga skrinshoti yenye tarehe, ziba uso wa mtoto kabla ya kumtumia mtu yeyote, mwendee mwenye duka, mwambie wazi unachokiona na unachotaka: aondoe nini, aseme nini. Akikataa, waambie wateja wake, acha kununua. Afrika Kusini waandamanaji wa chama cha EFF waliingia kwenye maduka ya H&M wakavuruga nguo na kuangusha midoli. Hasira yao naielewa mpaka mfupani. Lakini wanaookota nguo sakafuni baada ya hapo ni wasichana wa dukani, weusi kama sisi, na sweta hawakulichora wao.

Lile sweta la kijivu sikulichoma, ni zito na baridi ya Juni haina huruma. Kama nawe una la namna hiyo, lifue kwanza. Kata kitenge upana wa kiganja kuzidi mchoro, kiloweke nacho kisije kikajikunja baadaye, kunja kingo, kibandike kwa pini. Fundi cherehani apitishe uzi mara mbili kuzunguka, na mara moja katikati kisivimbe. Langu nililipia 1,000. Nililishika mwenyewe nikamvalisha yule mtoto wa dada yangu, akashika kile kitenge kifuani kwa viganja vyote viwili, akaniuliza kama ndani kuna mfuko.