Kuziba na Kulinda Nyuzi za Bolti Wakati wa Kufunga Injini

Kabla ya kuchagua cha kupaka kwenye nyuzi za bolti (mistari inayoizunguka), fundi ajue kwanza tundu lake linaishia wapi: kwenye chuma kitupu, kwenye njia ya maji, kwenye njia ya oili, au jirani na moto wa ekzosi. Waya mwembamba ukiingizwa tunduni ukagota chini, tundu lina kikomo. Ukipenya bila kugota, tundu limetoboka hadi upande wa pili.

Injini ndogo ya V8 (silinda nane) ya Chevrolet, iliyotoka Marekani na magari ya modeli ya mwaka 1955, ni mfano mzuri, kwa kuwa matundu ya bolti za silinda hedi yake (kipande kinachofunika silinda juu) hutoboka hadi ndani ya njia za maji. Bolti hizo zikirudishwa bila dawa ya kuziba nyuzi, maji hupanda taratibu kwa kufuata mzunguko wa nyuzi na kutokea chini ya kichwa cha bolti, na fundi hulaumu gasketi (karatasi ya kuziba kati ya hedi na bloku) ambayo haina kosa. Injini nyingi za Toyota tunazozifungua huku kwetu ni kinyume chake: kitabu cha ukarabati huagiza oili ya injini kidogo tu kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha bolti za hedi.

Usafi ndio unaoamua kama dawa itashika. Usiingize tapu ya kukatia nyuzi mpya, maana hukwangua chuma na kuzidhoofisha nyuzi zilizopo. Bolti ya zamani yenye kipimo kilekile inatosha: ikate mfereji mmoja au miwili ya wima kwa msumeno wa chuma, lainisha kingo kwa tupa, kisha izungushe kwa mkono ndani ya tundu ikiwa na oili kidogo. Utaona uchafu mweusi umejaa kwenye mfereji. Itoe, ifute, irudishe, mpaka itoke safi. Baada ya hapo osha tundu kwa dawa ya kusafishia breki na ulipulize kwa hewa ya kompresa, ukiwa umevaa miwani ya kazi, kwa sababu uchafu wote hurudi usoni. Tundu lenye kikomo lisiachwe na oili au maji chini yake: kimiminika hakibonyei, na bolti ikikishindilia inaweza kupasua bloku.

Gundi ya kukazia nyuzi, kama ile ya Loctite, hukauka inapokosa hewa huku ikigusa chuma. Ndiyo maana chupa mpya huja ikiwa na nafasi tupu ndani, na mnunuzi asidhani amepunjwa; hewa hiyo ndiyo inayoizuia gundi isigande. Kwa kawaida ya buluu hufunguka kwa spana za mkono, ilhali nyekundu huhitaji kupashwa joto la takribani digrii 250 za Selsiasi, kwa hiyo isipakwe kwenye bolti ndogo utakayohitaji kuifungua tena. Kwenye tundu lenye kikomo dondoshea gundi ndani ya tundu lenyewe, kwa kuwa ukipaka bolti peke yake hewa iliyonaswa chini huisukuma gundi itoke nje. Bolti za flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) zilizokuja na gundi ya kiwandani zikifunguliwa husafishwa na kupakwa upya, hata kama mabaki ya gundi ya zamani yanaonekana mazima.

Swichi ya presha ya oili isizungushiwe tepu nyeupe ya mafundi bomba. Vipande vyake hukatika na kuingia kwenye njia za oili, na tepu inaweza pia kuizuia swichi kupata athi kutoka kwenye bloku. Silikoni iliyopakwa kwa wingi ina hatari kama hiyo, kwani vipande vyake huishia kwenye chujio la pampu ya oili.

Bolti za manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) hupakwa grisi ya shaba au ya nikeli ili zisigande kwa joto. Hapa inafaa kuwa mwangalifu na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika kipimo: nguvu nyingi humezwa na msuguano wa kichwa na wa nyuzi, na takribani asilimia 10 tu ndiyo hubaki kuivuta bolti. Grisi hupunguza msuguano huo, hivyo bolti yenye grisi ikikazwa kwa kipimo cha bolti kavu huvutika kupita kiasi, ingawa spana imelia sawasawa. Plagi za kuwashia moto za NGK zenye nyuzi zilizopakwa madini kiwandani zifungwe kavu, kama kampuni yenyewe inavyoelekeza.

Gundi ya kukazia nyuzi ipewe saa 24 ifikie nguvu yake kamili, na ikishashika usirudi kuijaribu bolti kwa spana, kwa kuwa kuisogeza hata kidogo huvunja mshiko wake, na hapo itabidi ifunguliwe, isafishwe na kupakwa upya.