Kupima urefu wa mtoto na kuusoma mstari wake wa ukuaji

Kliniki mtoto hutundikwa kwenye mizani, kilo zikaandikwa kwenye kadi, mama akarudi nyumbani. Mara nyingi urefu haupimwi kabisa, na hapo ndipo udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, hupita bila kuonekana. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu na mapaja yaliyojaa, kwa sababu mwili mfupi hauhitaji kilo nyingi ili uonekane mnene. Omba urefu upimwe angalau kila baada ya miezi mitatu mpaka atimize miaka miwili.

Aliye chini ya miaka miwili hupimwa amelala, na kazi hiyo inataka watu wawili. Mvue viatu, soksi na kofia. Kama amefungwa vibanio utosini, vitoe. Mlaze chali katikati ya ubao wa kupimia. Msaidizi akae upande wa kichwa, akishike kwa viganja viwili, utosi uguse ubao na macho yatazame juu moja kwa moja. Mpimaji abonyeze magoti taratibu kwa mkono mmoja ili miguu inyooke, na kwa mkono wa pili asogeze kibao cha chini mpaka nyayo zote mbili zigandamane nacho, vidole vikiangalia juu. Soma mpaka milimita, mwinue, kisha rudia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya nusu sentimita, kimoja kimekosewa, pima tena.

Futi ya fundi cherehani ikipitishwa juu ya mwili haifai, kwani hufuata tumbo na magoti. Kama nyumbani hakuna ubao, sukuma meza mpaka iguse ukuta, bandika futi juu ya meza kuanzia ukutani, kichwa kiguse ukuta na nyayoni weka kitabu kigumu kilichosimama wima. Usahihi huu una maana: katika mwaka wa pili mtoto huongezeka takriban sentimita 12, yaani moja kwa mwezi. Ukikosea sentimita moja, umeficha ukuaji wa mwezi mzima.

Kuanzia miaka miwili hupimwa amesimama, visigino, makalio, mabega na kisogo vikigusa ukuta. Akigoma kusimama, mpime amelala kisha toa sentimita 0.7.

Kwenye kadi, kosa kubwa ni kuweka nukta kwenye mwezi usio wake. Hesabu miezi iliyotimia, si ile anayoiendea. Aliyezaliwa njiti, punguza wiki alizowahi; aliyewahi kwa wiki nane na sasa ana miezi sita, nukta yake iwekwe karibu na miezi minne. Kisha unganisha nukta, utazame mstari unaelekea wapi. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda sambamba na mistari iliyochapishwa hatii wasiwasi kama mkubwa ambaye mstari wake umelala. Mistari miwili iliyochapishwa ikikatwa kuelekea chini, tafuta sababu siku hiyohiyo.

Kwa kulinganisha: mtoto aliyezaliwa na sentimita 50 hufika karibu 75 akiwa na mwaka mmoja, na uzito wa kuzaliwa huwa mara mbili kwenye miezi mitano au sita, mara tatu kwenye mwaka. Kupungua kidogo siku za mwanzo baada ya kuzaliwa ni kawaida, ila uzito unapaswa kurudi ndani ya wiki mbili.

“Ukoo wetu ni wafupi” ni jibu linalotolewa haraka mno. Viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na ilionekana kuwa wakinyonyeshwa, wakalishwa vizuri na kutunzwa, urefu wao hukaribiana sana miaka ya mwanzo. Kurithi kupo, lakini hakulazi mstari uliokuwa unapanda.

Wala shamba lenye mavuno si kinga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha Tanzania, ndiyo yenye udumavu mkubwa zaidi. Mahindi yapo; kinachokosekana kwenye bakuli la mtoto ni dagaa, mayai, maharage, maziwa, na muda wa mama wa kumlisha.

Uji mwepesi ndio unaowaponza wengi. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba takriban mililita 240, kikombe kimoja tu. Ukilijaza maji, atashiba bila kula. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kuchuruzika. Dagaa waoshe kwa maji ya moto, toa mchanga na vichwa, kausha, twanga, chekecha, halafu koroga kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli. Anza vyakula akitimiza miezi sita, mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, nusu kikombe kila mlo. Baada ya mwaka robo tatu mpaka kikombe kizima, huku akiendelea kunyonya. Chai isiandamane na chakula, huzuia madini ya chuma.

Karanga zisagwe peke yake, kidogo kidogo. Zikichanganywa kwenye unga wa lishe unaokaa wiki nyingi huvunda na kuota kuvu. Chambua zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha.

Akiugua kuhara, zinki hutolewa siku 10 mpaka 14, na baada ya kupona aongezwe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Wengi huacha zinki kuhara kunapokoma, na mlo wa ziada husahaulika.

Usisubiri tarehe ya kliniki kama mzunguko wa mkono wa juu wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 mpaka 59 uko chini ya sentimita 11.5, au ukibonyeza migongo ya nyayo zote mbili, yaani upande wa juu, kwa sekunde tatu shimo linabaki. Mpeleke siku hiyo, hata kama anacheza.