Makombo kwenye tangi dogo la maji ya chumvi: somo kwa wafugaji wa Malindi

Somo hili ni la mwenye tangi la lita 40 hadi 100, samaki wawili watatu, mawe kidogo na chujio dogo la kuning'inia. Hesabu zangu zote nitazipiga kwa tangi la lita 60. Mwenye tangi kubwa akizidisha chakula, maji yenyewe humsitiri kwa wingi wake. Sisi wa matangi madogo hatuna sitara hiyo.

Maji yakianza kunuka au kuwa na ukungu, wengi hukimbilia kununua chujio jingine. Mimi huuliza kwanza: mlisha nani, na kiasi gani? Chukua gramu 1 ya chakula kikavu chenye protini asilimia 40. Protini ina nitrojeni asilimia 16 hivi. Gramu hiyo ikioza yote ndani ya lita 60, inaweza kutoa karibu miligramu 1.3 za amonia kwa kila lita. Kiwango tunachokitaka ni sufuri. Na maji ya bahari yana pH ya 8.2 hivi; kwa pH hiyo, tena kwa joto letu la pwani, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile inayodhuru mashavu ya samaki.

Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Wanakaa kwenye mawe, mchanga na sifongo. Tangi jipya huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuwapata wa kutosha, kwa hiyo kabla ya hapo lisha kwa mkono wa birika.

Hatua ya 1: Andaa chakula nje ya tangi

Ukitumia kamba au ngisi wa sokoni, osha, kata vipande vidogo kuliko jicho la samaki wako, gandisha kwa mafungu ya siku moja moja. Siku ya kulisha, yeyusha fungu ndani ya kikombe, mimina kwenye chujio la chai, suuza, na ule mchuzi umwage. Mchuzi huo hakuna samaki anayeula. Unakwenda moja kwa moja kulisha mwani na bakteria. Chakula kikavu nacho kiloweke kidogo kwanza, kisielee na kuvutwa kwenye chujio.

Hatua ya 2: Lisha kidogo, ukiangalia

Zima pampu. Tia chakula kwa sirinji isiyo na sindano, karibu na mdomo wa samaki. Dakika mbili zinatosha. Kikianza kufika chini bila kuguswa, umeshazidisha, hata kama samaki bado anakuja mbele ya kioo. Samaki wa miambani huzoea kudonoa mchana kutwa, ataomba tu. Mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, ni bora kuliko rundo moja la jioni. Kisha washa pampu. Wanaosahau hapa ni wengi.

Hatua ya 3: Toa kilichobaki siku hiyo hiyo

Hii ndiyo hatua inayookoa tangi, na ndiyo inayorukwa. Kwa ile ile sirinji, pulizia nyuma ya mawe na pembeni ili makombo yainuke, kisha yanyonye kwa mpira mwembamba hadi kwenye ndoo. Jaza mpira maji kwanza, usivute kwa mdomo. Nusu lita inatosha kuondoa uchafu wa siku.

Kumbuka pia hewa: maji ya chumvi yenye nyuzi 28 hubeba miligramu 6 na kitu tu za oksijeni kwa lita, na kinachooza huila hiyo hiyo. Ndiyo maana samaki huonekana wakihema juu ya maji alfajiri, baada ya mlo mkubwa wa usiku.

Hatua ya 4: Chujio

Pamba ya chujio ibadilishwe kila siku tatu nne. Kombo lililonaswa kwenye pamba bado limo ndani ya maji, limehama chumba tu. Sifongo la bakteria lisuuze ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, si ya mfereji, maana klorini huwaua bakteria.

Hatua ya 5: Badili maji, na ujue unayachota wapi

Lita 6 kwa wiki ndiyo asilimia 10. Sisi tuna bahari mlangoni, lakini si kila siku ni ya kuchota. Mto Sabaki unamwaga maji yake kaskazini mwa mji. Kaskazi ikivuma, tope husukumwa kusini, likaingia ghuba ya Malindi. Kusi ikishika, tope huelekea Mambrui. Maji yakiwa ya kahawia, subiri. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mashua na mifereji ya hoteli, na si mara tu baada ya mvua. Upande wa Mayungu ni bora. Ndani ya hifadhi ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968, usiokote jiwe, tumbawe wala kombe, ni marufuku.

Chuja kwa kitambaa kizito. Ndani ya maji ya bahari mna viumbe vidogo visivyoonekana, navyo vikifia kwenye jerikeni huoza na kutoa amonia ile ile. Weka jerikeni gizani na pampu ya hewa, na upime kabla ya kumimina. Chumvi iwe 1.025 kwa haidromita, kile kipimo cha chumvi ya maji.

Maswali ya wanakikundi

Kutoka Barani: Mwalimu, maji yakipaa naweza kujazia kwa maji ya kisima chetu? Yana chumvichumvi kidogo.

Hapana, ndugu yangu. Yanayopaa ni maji matupu, chumvi hubaki. Lita 6 zikipaa kwenye tangi lako la 60, gramu 35 za chumvi kwa lita zinakaribia 39. Ukijazia ya chumvi unazidisha. Halafu visima vilivyo karibu na mashimo ya choo huwa na nitreti. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha paa.

Kutoka Lamu: Nikiweka konokono na wale kaa wanaoishi ndani ya makombe wale makombo, si nitapumzika kunyonya?

Utapunguza uozo, dada, lakini nao wanakunya. Nitrojeni imebaki tangini, imepitia tumbo jingine tu. Kaa hao pia humuua konokono ili kulichukua kombe lake, basi waachie makombe matupu ya ziada. Wachache wanatosha. Ukiwa nao wengi utajikuta unawalisha hao.

Kutoka Watamu: Stima ikipotea usiku kucha nifanyeje?

Usilishe kabisa. Samaki mzima mwenye afya hukaa siku mbili tatu bila kula. Weka pampu ya hewa ya betri. Stima ikirudi, maji yaliyolala ndani ya chujio yamwage kwanza kabla ya kuliwasha. Bila hewa humo mmeshaanza kuoza. Siku inayofuata lisha nusu.

Kutoka Maweni: Shikamoo mwalimu. Nabadili asilimia 10 kila wiki bila kukosa, na nitreti haishuki chini ya miligramu 40 kwa lita. Nimeambiwa ninunue kitoa povu, kile chombo kinachotoa uchafu wa maji kwa mapovu ya hewa.

Marahaba mwanangu. Kitoa povu ni kitu kizuri, ila tusikimbilie pesa. Tuseme chakula chako kinaongeza nitreti 5 kwa wiki. Kila wiki unatoa sehemu moja ya kumi ya iliyopo. Kwa mwendo huo itapanda mpaka itulie karibu na 50, kwa sababu hapo ndipo unachotoa kinalingana na unachotia. Ukipunguza chakula nusu, itatulia karibu na 25. Ukibaki na chakula kile kile ukabadili asilimia 25, itatulia karibu na 20, lakini utabeba lita 15 kila wiki. Mimi ningepunguza chakula kwanza, nikapima baada ya mwezi. Na leo leo pima yale maji ya bahari ya kwenye jerikeni kabla hujayamimina. Kama yenyewe yana nitreti, badilisha mahali unapochotea.