Gari Umeliacha Mombasa? Anza na Oili

Wengi wetu tulio Uingereza, Ujerumani au Ghuba tumeacha gari Mombasa. Linakaa uani Bamburi au Changamwe, mjomba analiwasha mara moja moja, nasi tukija likizo tunajaza petroli na kushika njia ya Voi au Malindi. Oili hakuna aliyeiangalia. Injini ikikaukiwa na oili, beringi husagana chuma kwa chuma, na hapo si sevisi tena, ni kutafuta injini nyingine.

Pima asubuhi kabla ya kuwasha, oili yote ikiwa imeshuka kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Kama gari limetembea, zima, ngoja kama dakika 10. Gari lisimame pahali tambarare: mteremko wa kushukia feri ya Likoni utakudanganya, afadhali uwanja wa kituo cha petroli. Fungua boneti, vuta dipstiki, ule ufito wa kupimia oili, ifute kwa kitambaa safi, irudishe mpaka mwisho, kisha ivute tena. Kipimo cha kuamini ni hiki cha pili. Utaona alama mbili: MIN na MAX, au L na F, au vitundu viwili tu. Oili iwe katikati, ikikaribia ya juu ndio vizuri zaidi. Upande mmoja ukionyesha juu kuliko mwingine, fuata ulio chini. Baadhi ya magari mapya hayana dipstiki kabisa. Hayo husomwa kwenye skrini, kwa utaratibu wa kitabu chake.

Kuongeza ndiko kunakowashinda watu. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja tu, kwa hivyo usimimine kopo zima. Tia robo lita, ngoja dakika chache, pima, ongeza tena ikihitajika. Ukiambiwa "ikizidi kidogo haina neno", kataa kwa heshima. Oili ikizidi sana, kranshafti, ule mtaimbo unaozunguka ndani ya injini, huichapa ikatoa povu, na povu haliwezi kulainisha chuma. Presha hushuka na sili huanza kuvuja. Iliyozidi itolewe kabla gari halijaondoka.

Itazame na rangi. Weusi peke yake si ugonjwa, hasa kwa dizeli. Lakini ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na huenda gasketi ya hedi, inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imeungua: usisafiri, muite fundi. Gari linalowashwa dakika tano na kuzimwa pia hukusanya unyevu ndani, kwa sababu injini haipati moto wa kutosha kuukausha. Ni heri mjomba aliendeshe nusu saa au zaidi, mpaka Mtwapa na kurudi.

Aina ya oili isichaguliwe kwa kukisia. Magari mengi yanayotoka Japani hutumia 0W-20 au 5W-30, namba zinazoonyesha uzito wa oili. Soma kitabu au kifuniko cha kutilia oili. Joto la pwani si sababu ya kutia nzito zaidi, isipokuwa kitabu kimeruhusu. Nunua kopo ambalo lakiri yake haijaguswa.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, presha imepotea. Egesha pahali salama, zima injini hapo hapo. Usijipe moyo kwamba utafika Mtito Andei.

Ukiwa mbali, tuma ujumbe kama huu: "Shikamoo mjomba, kwema huko? Kesho asubuhi kabla hujaliwasha, naomba uifute dipstiki, uirudishe, uivute tena, uilaze juu ya karatasi nyeupe unipigie picha alama zote mbili zionekane." Picha hiyo iombe kila mwezi, na pesa za kubadilisha oili na filta zitume angalau mara moja kwa mwaka, hata kama gari halikutembea, kwa kuwa oili huchakaa ikiwa imekaa tu.